Kunoa Kisu cha Mwenzio

Mtu akikuletea kisu umnolee, una haki ya kumuuliza anakwenda kukifanyia nini? Na usipomuuliza, kisha yakatokea ya kutokea, una lako la kujibu au huna?

Nauliza kwa sababu nanoa visu vya watu. Si kazi yangu hasa. Kazi yangu, kwa anayekubali kuiita kazi, ni kuandika, na uandishi wa kulipwa leo na kusahauliwa miezi mitatu humpa mtu wasaa mkubwa wa kukaa kibarazani. Hapo kibarazani, Kibarani, ndipo ninaponoa. Vyombo vyangu ni karatasi za msasa, kipande cha kioo cha dirisha, kopo la maji na mkanda wa ngozi ambao haufungi suruali tena. Basi.

Wengi niliowauliza swali hili wananijibu upesi. Kisu ni kisu, wananiambia. Aliyekiuza hana kosa, aliyekinoa hana kosa, kosa ni la mkono. Jibu hilo laweza kuwa kweli. Linalonitia shaka ni ule upesi wake, kama mtu anayerudisha chenji bila kuihesabu.

Lugha yetu nayo haitusaidii. Kisu kinachokata vizuri ni kikali. Mbwa anayeuma ni mkali, mwalimu asiyecheka ni mkali, siki ni kali, jua la Februari ni kali, na mwanamuziki anayewashinda wenzake tunamwita mkali. Yale makundi ya vijana yaliyowatia watu hofu Mombasa, hasa upande wa Kisauni, mawili kati yao yalijiita Wakali Kwanza na Wakali Wao. Neno ni lile lile la kisu. Ukifungua redio unasikia makali ya njaa, makali ya ukame, makali ya bei ya unga. Kwa hivyo mtoto anakua akiamini, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba kukata na kudhuru ni jambo moja, na kisu kizuri kwa nyumba yenye amani ni kile kisichokata sana. Nimeingia majiko mengi ya mtaani kuchukua visu na ninaweza kusema hivi: nyumba nyingi zinaishi na visu butu kwa kudhani ndiyo salama.

Mimi naona si jambo moja hata kidogo, na ushahidi wangu ni wa mikono kabla haujawa wa hoja, kwa hivyo nivumilie nieleze kazi yenyewe.

Msasa, kabla haujawa karatasi, ulikuwa jani. Mti wa msasa una majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa mbao waliyatumia kulainishia kazi zao. Karatasi ilipokuja ikarithi jina la jani. Ninaoutumia mimi ni ule mweusi, msasa wa maji, wanaoutumia mafundi wa rangi za magari. Weusi ule ni silikoni kabaidi, kitu kigumu sana ambacho Mmarekani Edward Acheson alianza kukitengeneza kwa tanuri la umeme miaka ya 1890. Nyuma ya karatasi kuna namba. Namba ikizidi, chembe zinapungua ukubwa. Kisu chenye mapengo nakianza kwa 240, kilichochoka tu nakianza kwa 400, halafu 800, 1,000, na nikiwa na moyo, 2,000.

Karatasi nailaza juu ya kioo kwa sababu katika nyumba ya mtu wa kawaida hakuna kitu kilichonyooka kushinda kioo. Ukiitia maji inagandama yenyewe, gundi ya nini. Kisha kisu. Kisimamishe wima juu ya karatasi, hizo ni digrii 90. Kilaze nusu, ni 45. Kilaze nusu tena, umefika kwenye ishirini na kitu, na hapo ndipo panapotakiwa kwa kisu cha kazi. Unakivuta mgongo ukitangulia na makali yakifuata, kwa sababu ukisukuma makali mbele yataichana karatasi na utakuwa umetupa shilingi 50. Huu mwinamo usibadilike. Mikono ya mtu aliyeanza jana hutikisika, inapanda na kushuka, na makali yanatoka mviringo kama ukingo wa kijiko. Ukiwa na wasiwasi, paka makali wino wa makapeni, vuta mara tatu, tazama. Pale wino ulipobaki msasa haukufika.

Baada ya mivuto 30 au 40, upande wa pili hujitokeza unyuzi wa chuma, mwembamba hata jicho haliuoni. Unaupapasa kwa kidole gumba, ukitoka mgongoni kwenda nje, kamwe usifuate urefu wa makali. Ukiuhisi umeenea kuanzia mpinini hadi nchani, geuza upande. Usipouhisi, endelea. Hapo hapana kudanganya, chuma hakijui kwamba una njaa au kwamba mteja amesimama. Ukishamaliza namba zako zote, unyuzi unautoa kwenye mkanda wa ngozi, tena mgongo ukitangulia. Unafuta, unapaka mafuta ya nazi, kwa sababu hewa yetu ina chumvi na kisu cha chuma cha kawaida kikilala kimelowa kinaamka na kutu.

Dakika 20 kisu cha jikoni. Panga, saa nzima. Hizo dakika 20 zikumbuke, nitazirudia.

Sasa, mtu aliyewahi kukata nyanya kwa kisu kikali halafu akaikata kwa kisu butu anajua tofauti iko wapi. Kisu kikali unakiwekea nyanya na kinaingia. Kisu butu unakikandamiza, nyanya inateleza, unakandamiza zaidi, na nguvu ile yote iliyokosa pa kwenda inakimbilia kidole chako. Nguvu ndiyo inayojeruhi, na ubutu ndio unaoita nguvu. Mgema anajua zaidi yangu. Kotama yake inakata kipande chembamba cha karara asubuhi na jioni, mnazi ule ule, siku nenda siku rudi, na karara ikipondwa badala ya kukatwa, tembo halitoki kama itakiwavyo. Hujamwona mgema akipanda mnazi na kotama butu. Ule si ukali wa kumtisha mtu. Nikiambiwa nitafute neno jingine badala ya mkali kwa ajili ya kotama ya mgema, ningesema ni kisu chenye heshima.

Mjomba wangu huchinja. Hana bucha. Ni mchinjaji wa mtaa: akika, hitima, Idi. Usiku wa kuamkia Idi ya kuchinja huniletea visu vitatu vimefungwa gazetini, na ananikalia kichwani.

"Hiki bado."

"Mjomba, kinanyoa nywele za mkono."

"Wewe wanyoa, mimi nachinja. Rudisha kwenye mkanda."

Yeye hazungumzi falsafa lakini anayo hadithi yake, na si yake peke yake. Imepokewa na Shaddad bin Aus, imo katika Sahihi Muslim, na waliosoma madrasa huenda wanaikumbuka kwa kuwa ni ya 17 katika zile Arubaini za Nawawi. Maana yake ni kwamba Mungu ameandika ihsani katika kila jambo, hata katika kuua, na kwamba mwenye kuchinja anapaswa kunoa kisu chake na kumpumzisha mnyama wake. Yaani kunoa kumewekwa upande wa huruma. Na huruma ile ina adabu zake: mnyama asione kisu kinanolewa, asione mwenzake anachinjwa. Wayahudi nao wana yao. Mchinjaji wao hupitisha ukucha kwenye makali kabla ya kuchinja na baada yake, akitafuta pengo, na pengo dogo kabisa linatosha kuharibu halali ya nyama. Dini mbili ambazo leo watu wake hawakai meza moja, zimekubaliana juu ya makali.

Ningeweza kuishia hapa na nikaonekana nimejibu: kunoa ni wema, ubutu ni ukatili wa mtu mvivu, niendelee na msasa wangu. Lakini mnyama wa mjomba hajaniletea kisu. Aliyeniletea kisu ni kijana mmoja wa mtaani, mdogo wangu kwa miaka mitano hivi, tuliyekaa naye madrasa moja, yeye safu ya mbele na mimi nyuma kabisa. Alikuja baada ya magharibi. Kisu chenyewe kilikuwa cha jikoni, kirefu, cha mpini wa plastiki.

"Kaka, hiki nataka unitilie makali huku na huku."

"Huku mgongoni wataka makali ya nini?"

"Nataka tu."

"Kisu cha jikoni hakina makali mawili. Ukikata kitunguu kidole wakiweka wapi?"

Akacheka. "Kaka, nani kasema kitunguu?"

Nikamuuliza wazi: cha nini? Akanijibu wazi vilevile. Anapakia magunia ghalani hadi saa sita za usiku, anarudi kwa miguu, ameporwa simu mara mbili njiani, na mara ya pili aliporwa na watoto, wallahi watoto, wadogo kwake, wenye panga. Hataki kumuua mtu. Anataka wamwone nacho.

Nikamwambia nitamnolea upande mmoja, ule wa jikoni, na mgongo sitaugusa. Akaniangalia kama ninayemtania. Hakukasirika. Alikichukua kisu chake, akaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma ambaye bado alikuwa kazini, na nikasikia grainda ikilia. Dakika mbili. Alipopita tena kibarazani alinionyesha kwa mbali, kwa bashasha, na hata kwa taa ya barabarani niliona mgongo ulivyogeuka samawati. Chuma kikipata rangi ile kimeshapita joto lake, ugumu umekitoka, na makali yake hayatakaa. Hilo sikumwambia.

Hapo ndipo swali langu lilipoacha kuwa la mazungumzo ya kahawa.

Wanafalsafa wamelipitia swali hili kwa njia yao, na mimi nililikuta mwaka wangu wa pili wa chuo, ambao ndio uliokuwa wa mwisho. Plato anaanza kitabu chake cha Jamhuri nyumbani kwa mzee Kefalos, huko Piraeus, bandari ya Athens. Mzee anaeleza kwamba haki ni kusema kweli na kurudisha ulichokopa. Sokrates anamuuliza: rafiki yako alikuachia silaha akiwa na akili zake, kisha amerudi kuidai akiwa amepandwa na wazimu. Utamrudishia? Kefalos anakubali kwamba hapana, kisha anamwachia mwanawe mjadala na kwenda kwenye ibada yake. Wachambuzi wamemcheka mzee huyu kwa karne nyingi. Mimi kinachonivutia ni kwamba familia yake ilikuwa na karakana ya ngao. Ni watu wa bandarini, wanaoishi kwa vyombo vya vita, na mwana aliyeachiwa mjadala, Polemarkhos, baadaye aliuawa na wale watawala Thelathini wa Athens mwaka 404 kabla ya Kristo. Ngao za karakana zikachukuliwa. Ukilisoma lile swali la silaha ukijua hivyo, halikai tena kama mchezo wa darasani.

Ila mfano wa Sokrates ni rahisi kuliko wa kwangu. Yule rafiki ana wazimu, basi, umemnyima, kwisha. Wangu hakuwa na wazimu. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu zake, na sababu zenyewe nazijua kwa majina ya vichochoro. Tena Kefalos angerudisha kitu kama alivyokipokea. Mimi sirudishi kitu kama nilivyokipokea. Kisu kinakuja kwangu butu na kinaondoka kikali, na tofauti ile imetoka mikononi mwangu. Kisu ni chake. Makali ni yangu mpaka nimkabidhi. Ndiyo maana siwezi kujificha nyuma ya mwenye duka. Mwenye duka anauza mapanga 100 kwa mkulima, mkata nyasi na muuza madafu, na sura hazikumbuki. Kutojua kwake ni kutojua kwa kweli, na sidhani kama mtu mwenye haki atamlaumu.

Nilisema dakika 20 zikumbukwe. Kunoa kwa mkono, kwa karatasi, kunakukalisha na kisu cha mtu kwa muda ambao huwezi kuusingizia kutojua. Kisu kinaeleza. Cha mama mwenye jiko la mkaa kina harufu ya kitunguu saumu hadi ndani ya mpini. Cha muuza samaki kina magamba yaliyokauka pale chuma kinapoingia kwenye mti. Panga la muuza madafu limeliwa karibu na ncha, pale pale, kwa sababu ana pigo moja analolipiga mara 200 kwa siku. Kuna visu viliundwa na mafundi wa hapa kwa vipande vya springi za magari, na nadhani vingine chuma chake kilitoka kwenye jaa. Wageni wa leo wanaoiona Kibarani ya miti na daraja jipya la Makupa lililofunguliwa 2022, maji yakipita chini kama ambavyo yalitakiwa yapite siku zote, hawajui kwamba kwa miongo mizima huu ndio uliokuwa mlango wa mji na pia mdomo wa taka zake. Watu walikuwa wanachambua chuma humo kwa mikono. Ukikipata kisu cha namna ile, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli, unajua mwenyewe ni nani kabla hajajitambulisha.

Na mwenyewe amekaa mbele yako. Anasubiri, anazungumza, ananyamaza. Grainda ni dakika mbili, fundi amegeuza uso kukwepa cheche, kelele haziruhusu neno. Pale "sikujua" inakaa vizuri. Nadhani kwa wengine hiyo ndiyo faida ya mashine, zaidi ya muda inaouokoa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na sitaki uonekane mkubwa kuliko ulivyo: anayenoa anajibu kwa alichokijua, na namna anavyonoa ndiyo inayoamua ni kiasi gani atajua. Nikichagua dakika 20, nimechagua pia kuuliza.

Lipo pingamizi ambalo sijalimaliza. "Cha nini?" si swali langu peke yangu. Kijana wa Kibarani, wa Majengo, wa Old Town, ameulizwa swali hilo na watu wenye sare, usiku, mikono ikiwa ukutani. Umebeba nini, cha nini, unatoka wapi. Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 308, haimkamati mtu kwa kuwa na chombo cha hatari peke yake. Inatazama mazingira aliyokutwa nacho, kama yanaonyesha nia ya kutenda kosa kubwa, na adhabu yake haipungui miaka saba gerezani. Kwenye karatasi ni sheria yenye busara, inafikiri kama ninavyofikiri mimi: chuma chenyewe hakina hatia, tazama kilicho pembeni yake. Lakini mazingira husomwa na mtu, na kwa msomaji wa usiku, kijana mwembamba aliyetoka mtaa fulani ni mazingira tosha. Nikimuuliza kijana wangu "cha nini?", nataka anipe sababu ya kumnolea. Mwenye sare anatafuta sababu ya kumshika. Kwangu tofauti ni kubwa. Sina hakika kama masikioni mwa yule kijana kuna tofauti yoyote, na ule mcheko wake wa kwanza naukumbuka kwa sababu hiyo.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alinipa ushauri wa kati na kati. Ukimshuku mtu, alisema, mnolee kidogo. Ishia namba 400. Kitakata kitunguu, hakitakata mtu. Ushauri huu una utamu wake, kama maridhiano yote, na ni mbovu. Namba 400 inaacha makali yenye meno madogo madogo, na makali ya namna ile kwenye ngozi yanachana vizuri sana. Na hata yasingechana, ningekuwa nimemdanganya mtu aliyenilipa, na kumpa chombo kitakachomtaka atumie nguvu. Nimeshasema nguvu inakwenda wapi. Ama unanoa ama hunoi. Katika kitabu kile kile cha Plato, Sokrates anasema tawi la mzabibu unaweza kulikata kwa visu vingi, lakini kipo kimoja kilichoundwa kwa kazi ile, na ubora wake ni kuifanya ile vizuri. Akili hiyo hiyo ndiyo iliyonifanya niukatae mgongo wa kisu cha yule kijana na kukubali tumbo lake. Mgongo ule, ukishatiwa makali, kazi yake iliyobaki ni moja.

Hata hivyo kanuni hii ya kutazama kazi ya chombo nayo inanikwama mikononi, na aliyeikwamisha ni mama mmoja anayekaanga samaki karibu na stegi. Huuza hadi saa nne, saa tano za usiku, halafu anatembea na kikapu chake hadi nyumbani, njia ile ile ya kijana wangu. Kisu chake ni kifupi, kipana kidogo, cha chuma kizuri cha zamani, kimenolewa miaka mingi hadi kimepungua upana. Hukileta Ijumaa asubuhi, siku anayochelewa kufungua. Kila mara namuuliza ninachomuuliza kila mtu, na kwa yeye ilikuwa imeshakuwa utani.

"Haya mama, cha nini?"

"Cha samaki, mwanangu. Cha nini tena?"

Ijumaa moja, baada ya wiki ambayo mtaa mzima ulikuwa ukizungumza juu ya wizi wa usiku, nilimuuliza tena na hakucheka.

"Cha samaki," akasema. "Na cha njiani."

Kisu ni kile kile. Upande mmoja wa makali, magamba pale pale, harufu ile ile ya pilipili na limau. Hakuna alichoniomba ambacho sikumfanyia Ijumaa zote zilizopita, na kama angenyamaza nisingejua. Nilikaa na kisu juu ya kioo, maji yakitiririka hadi kwenye goti langu. Nilimwambia kuna pikipiki anazoweza kuzipanda. Akaniuliza pikipiki analipa nani. Nikamwambia asikichomoe ila awe hana budi. Akasema, mwanangu, mimi nina umri wa mamako.

Nikaweka karatasi ya 800. Nilinoa kama ninavyomnolea siku zote, dakika 20, hadi mkanda. Alipokipokea alikijaribu kwenye ukucha wa gumba, akauona kwamba kimeshika, akatoa shilingi 100 kwenye kanga. Kisha akakifunga kwenye kitambaa na kukitia kikapuni, chini ya unga, si juu yake, na nilitazama hilo kuliko nilivyotazama pesa.